Santuri Iliyooshwa kwa Lutuku

Zimebaki sekunde kumi na moja. Hivyo ndivyo alivyosema Mechack Kabemba, fundi wa redio na vyombo vya muziki, Jumamosi tarehe 6 Juni, baada ya kuichunguza santuri moja ya mwaka 1958 katika kibanda chake hapa Dilala, Kolwezi. Santuri hiyo ilikuwa na dakika tatu za sauti ya marehemu Mama Henriette. Fundi alisema pia kwamba mashine ya kuichezea, ambayo mwenye mashine anaamini aliiunguza, haijaungua.

Barua iliyotufikisha kwa fundi ilipokelewa gazetini tarehe 22 Mei. Tunaichapa karibu yote, kwa ruhusa ya aliyeiandika. Majina ya familia na ya jirani tumeyabadilisha.

*

Kwako mshauri,

Nakuandikia nikiwa jikoni na mlango nimeufunga, kwa sababu baba yangu yuko sebuleni na sitaki aniulize naandika nini, maana nimemdanganya tangu mwezi wa nne na kila uongo umezaa mwingine, na sasa nimefika mahali ambapo nikisema kweli naogopa nitamuua, na nikinyamaza namwona akiisha polepole mbele ya macho yangu, kwa hiyo nipe akili, hata kama utanigombeza.

Mimi ni Wivine, nina miaka hamsini na mbili, nafundisha darasa la nne, na tangu mume wangu afariki naishi kwa baba, Tata François, katika nyumba ya matofali aliyopewa na kampuni alipokuwa karani wa stoo. Ana miaka themanini na sita, macho yake yanaona mwanga na vivuli tu, lakini masikio yake ni mazima kuliko yangu. Mama yetu, Henriette, alifariki tarehe 14 Juni mwaka jana, wakiwa wameoana miaka sitini na miwili, na tangu siku ile baba anavaa kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye mkono wa shati, na desturi yetu ni kwamba mwaka ukitimia watu wa upande wa mama ndio wanakuja kukikata, na hapo kilio kinakuwa kimekwisha na mfiwa anaweza kucheka tena bila kusemwa.

Mama alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba pale misheni, alikuja mtu na mashine ya kurekodi, akawarekodi wasichana wakiimba wimbo wa kutwanga mahindi, na mama ndiye aliyeimba peke yake mbele, wengine walimpigia makofi na kugonga mchi tu. Wimbo ukatoka kwenye santuri, upande wa pili wakaweka vijana wawili wa gitaa ambao hatuwajui. Baba aliinunua kabla hajamwona mama hata siku moja. Mama alikuwa akimcheka: “Weye ulioa disiki, mi nilikuya nyuma tu.”

Mashine ya kuichezea ni ya zamani, baba anaiita pikapu kama wazee wote wa kampuni, na ameitunza kuliko alivyotutunza sisi, ameiweka juu ya bamba la jiwe na chini ya jiwe vipande vya mpira wa baiskeli ili malori ya madini yakipita sindano isiruke, na anaijua kwa vidole, hahitaji macho. Tangu mama afariki, kila Jumapili baada ya misa anaicheza santuri ile mara moja, si mara mbili, kisha anaifuta na kuirudisha kwenye bahasha yake.

Pasaka tulicheza santuri kubwa ya nyimbo za misa, na Jumapili iliyofuata, baba alipoweka ile ya mama, sauti ikatoka nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya kikopo, na juu yake kelele kama mafuta yanayokaanga. Baba akasema: “Wivine, mama yako iko na homa ya kifua.” Tukacheka. Akasema ni vumbi. Mimi nikasema moyoni, nitamsafishia bila kumwambia, atashangaa.

Niliona kwenye simu mzungu mmoja anasafisha santuri kwa alkoholi, inatoka inang'aa, na ile yake ilikuwa nyeusi na yetu ni nyeusi, sikujua kama zina tofauti. Jumamosi tarehe 18 mwezi wa nne baba alikuwa amekwenda parokiani, duka la dawa lilikuwa limefungwa, nikaenda kwa jirani yetu Mama Mbombo anayepika lutuku, ile pombe kali ya mahindi, nikamwomba kikombe cha ile ya kwanza, ambayo ukiitia kiberiti inawaka. Alipojua ni ya nini alicheka mpaka akakaa chini. “Disiki! Hii inasafishaka roho ya bwana, weye unaenda kuipakala disiki! Disiki italewa, mama, itaimba ya shetani!” Nami nikacheka, nikaenda na kikombe changu.

Nililowesha kitambaa nikaanza kufuta, na kitambaa kikatoka cheusi, nikafurahi, nikasema tazama uchafu wa miaka sitini, nikazidi kukandamiza, kitambaa kikazidi kuwa cheusi, nikazidi kufurahi. Ilipokauka uso wake haukung'aa tena. Ulikuwa kama ubao wa shule uliofutwa kwa mkono. Nikaweka sindano, ikatoa sauti ya mchanga, na chini ya mchanga hakukuwa na mtu.

Mshauri, ningemwambia siku ile ile. Lakini nilisikia pikipiki inamleta, nikatoa fyuzi ya pikapu nikaiweka kwenye mkoba wangu, ili sahani isizunguke, ili asiweke santuri, nipate walau wiki moja ya kufikiri. Jumapili akabonyeza, akaweka kiganja juu ya sahani, ikawa imekufa. Kisha akauliza: “Mara ya mwisho, mi nilisahau kuipitisha ku stabilizateri?” Kwa maana umeme wetu unajua mwenyewe, unalala kisha unaamka na hasira, na stabilizateri ndiyo inayoutuliza. Na mimi badala ya kusema hapana, nilisema: “Labda, Tata.”

Maneno mawili tu. Tangu siku hiyo hagusi kitu chochote cha umeme. Redio yake ambayo ilikuwa ikiongea tangu alfajiri imenyamaza. Akitaka taa ananiita: “Wivine, kuya kuwasha, mukono yangu iko mubaya.” Mtu ambaye alitengeneza kila swichi ya nyumba hii. Na Jumamosi moja nilimfuata makaburini, nikasimama nyuma yake, hakujua nipo, nikamsikia anamwambia mama: “Henriette, unisamehe. Kuran ya umeme ilikuya na nguvu, mi nikasahau. Mi njo nilikuua mara ya pili.”

Sasa tarehe 14 Juni mwaka unatimia. Mdogo wake mama, Mama Mwadi, anatoka Fungurume na watu wa upande wao kuja kukata kitambaa. Alimpigia simu kumtania: “Shemeji, tunakuya kukukatia ile kitu, usitake kubakia nayo kama kravati.” Kravati ndiyo tai, lakini baba hakucheka. Alijibu: “Kitambaa haitatoka mbele ya Henriette kuimba.” Alitaka mama aimbe kwanza, ndipo kikatwe. Kisha akamwagiza kaka yangu atafute fundi hata Lubumbashi.

Nimebakiwa na njia moja na ndiyo inayonifanya niandike. Watu wote husema sauti yangu ni ya mama. Wimbo ule naujua wote. Wiki iliyopita, wanafunzi walipokwisha kwenda, niliuimba darasani nikajirekodi kwa simu. Nikitaka naweza kurudisha fyuzi, kuweka santuri mbovu izunguke bila sindano, na kuficha simu nyuma ya pikapu. Baba atasikia mama anaimba, kitambaa kitakatwa, atawasha taa mwenyewe tena. Je, nitakuwa nimefanya dhambi? Na je, hakuna dawa ya santuri? Nisaidie, usichelewe.

Wivine, Dilala

*

Mama Wivine, pole. Nakupa pole ya kifo cha mama, na pole ya santuri, maana hizo ni huzuni mbili na zote ni za kweli. Baada ya pole, sikiliza.

Sikukujibu haraka kwa sababu sijibu kuhusu kitu ambacho hakijafunguliwa na anayekijua. Ndiyo maana nilikupigia simu nikakuomba umletee fundi Mechack vyote viwili, mashine na santuri. Ulikuja Jumamosi kwa pikipiki, pikapu umeifunga kwa blanketi na kuipakata kama mtoto mgonjwa. Wasomaji hawakuwepo, basi niwaeleze kwa ufupi. Mechack alifungua kifuniko cha nyuma, akanusa, akatikisa kichwa. “Mama, hapa hakuna kitu iliungua. Fizibo iko wapi?” Ukafungua mkoba, ukaitoa fyuzi kwenye kibweta cha miwani. Akaitazama, akakutazama. “Mi niko fundi miaka makumi tatu. Ni mara ya kwanza mugonjwa anakuya na moyo yake mu sakoshi.” Akairudisha mahali pake, sahani ikazunguka. Motokaa ya kampuni isingewaka vizuri hivyo.

Basi jambo la kwanza ulijue: baba yako hakuharibu chochote. Hilo lina ushahidi, na shahidi ana jina na kibanda.

Jambo la pili, santuri haina dawa. Santuri nene za zamani, zile zinazozunguka kwa kasi na kuvunjika kama sahani ya chakula, hazikutengenezwa kwa plastiki kama zile kubwa zilizokuja baadaye. Zimetengenezwa kwa unga wa mawe ulioshikanishwa na gundi ngumu inayotokana na wadudu. Mafundi wanaiita gomalaki. Adui wa gomalaki ni alkoholi: inaiyeyusha. Mzungu wako wa kwenye simu alikuwa na santuri ya plastiki na hakukosea. Weusi uliouona kwenye kitambaa ulikuwa santuri yenyewe. Uliichukua sauti ya mama yako kwa kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko, ukifurahi. Nasikitika kukuandikia hivi, lakini uliuliza.

Jambo la tatu ni baya zaidi, na nilijadiliana na nafsi yangu kama nikwambie. Nisingekuwa na haki ya kukutaka useme kweli huku mimi nimekuficha. Santuri yako haikuwa chafu. Kwenye kichwa cha mkono wa pikapu yenu kuna kidude kidogo unachoweza kukigeuza kwa ukucha: upande mmoja kijani, upande mwingine chekundu. Ndani yake zimo sindano mbili. Ya kijani ni nene, kwa santuri za gomalaki zenye mifereji mipana. Nyekundu ni nyembamba, kwa zile za plastiki. Mechack aliikuta imegeuzwa kwenye nyekundu. Mlipocheza misa ya Pasaka mtu aligeuza, na hakuna aliyerudisha. Sindano nyembamba ikizama kwenye mfereji mpana hukwaruza chini kabisa, ikatoa sauti ile ya kikopo na mafuta ya kukaanga. Dawa yake ilikuwa ukucha wa kidole gumba.

Nani aligeuza? Huenda ni wewe, huenda ni yeye, maana mlikuwa wawili nyumbani na yeye haoni rangi. Usitafute. Na utakapozungumza naye, hilo la sindano mwambie kama lilivyo, kwamba iligeuzwa siku ya Pasaka, basi. Ukilitumia kugawana naye kosa, nitajuta kukwambia.

Sasa tuje kwenye “Labda, Tata.”

Kuosha santuri kwa lutuku ni ujinga, na ujinga una msamaha kwa sababu ulitoka kwenye upendo. Hata fyuzi naielewa. Mtu aliyeogopa hufanya kitu cha kwanza kinachomjia mkononi. Lakini mzee alipokuuliza kama kosa ni lake, ulikuwa na jibu mkononi, ukampa jingine. Umemwacha wiki saba akiubeba mzigo wako. Amekwenda kwenye kaburi la mke wake kuomba msamaha wa dhambi yako, nawe umesimama nyuma yake umesikiliza, ukarudi nyumbani ukapika. Wewe ni mwalimu. Mwanafunzi wako akivunja kioo na mwingine akapigwa mbele yake, ungemwambia nini?

Unaogopa kweli itamuua. Umri wa miaka themanini na sita si karatasi. Huyu ni mtu aliyezika mke, na nadhani amezika wengi zaidi ya huyo, na bado Jumapili anakwenda misa. Kinachommaliza ni hiki: anaamini mikono yake imegeuka kuwa mibaya. Anakaa bila redio kwa sababu yako. Kweli itamuumiza. Itamwondolea pia hofu ya swichi, na hiyo huwezi kumwondolea kwa njia nyingine yoyote.

Hasa si kwa simu iliyofichwa nyuma ya pikapu. Umeniuliza kama ni dhambi. Hilo muulize padri wako. Mimi nakwambia haitafaa. Umeandika mwenyewe kwamba masikio yake ni mazima kuliko yako. Amesikiliza dakika zile tatu tangu kabla hujazaliwa, anajua mahali alipovuta pumzi, anajua kofi lililochelewa. Atakugundua kabla ya ubeti wa pili, na safari hii mbele ya wakwe zake. Na tuseme hatakugundua. Hiyo ni mbaya zaidi. Kitambaa kitakatwa, atakufuta machozi, atakushukuru, na kila Jumapili baada ya hapo utalazimika kuwa mama yako. Mpaka lini? Futa hiyo rekodi. Au itunze uwaimbie wanao kwa jina lako mwenyewe.

Nimefika kwenye sekunde kumi na moja. Uliposikia Mechack anataka kuweka sindano, ulitoka nje, nami sikukuzuia. Kwa hiyo hujui kilichofuata zaidi ya hesabu niliyokupa mlangoni.

Aligeuza kidude kwenye kijani, akabadilisha sindano kwa mpya, akaunganisha waya wa kurekodi kwenye kompyuta yake kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mifereji iliyolainika huganda kwenye sindano na kila mchezo unakula kilichobaki. Alisema ataicheza mara moja. Nje vijana wa teksi za pikipiki walikuwa wakibishana, alitoka akawaambia: “Bandugu, mutuachie dakika tatu, kuko mutu anaongea.” Wakanyamaza. Dakika mbili na zaidi zilikuwa mchanga mtupu, kama ulivyoandika. Kisha karibu kabisa na karatasi ya katikati, mahali ambapo kitambaa chako kiliogopa kulowesha karatasi, akatokea. Msichana, peke yake, makofi nyuma yake, anamalizia mstari wa mwisho wa wimbo na kuuvuta. Tulihesabu kwa saa: sekunde kumi na moja. Kisha mchi ukagonga mara moja na santuri ikaisha.

Mechack ni mtu wa mizaha. Hakufanya mzaha. Aliinua mkono wa pikapu, akasema: “Aliimba muzuri, ule mama.” Kisha akaenda kukuita, akakwambia atabaki na vyombo vyako hadi siku ya kukata kitambaa.

Hizo ndizo ulizonazo, kwenye santuri na kwenye kompyuta ya Mechack. Dakika mbili na sekunde arobaini na tisa zimekwenda na hazirudi, na sitaki mtu yeyote akudanganye kwamba kuna mashine ya kuzirudisha. Inawezekana nakala nyingine ya santuri hiyo ipo kwenye sanduku la mtu Likasi au Lubumbashi. Nimeuliza watu watatu wanaokusanya santuri za zamani; wawili wamesema hawana, mmoja hajajibu. Usimpe baba yako tumaini hilo. Likija, litakuja lenyewe.

Utamwambia hivi. Leo ni Jumanne, tarehe 9. Nilikutumia jibu hili jana kwa simu ili ulisome kabla ya wengine. Gazeti likishafika sokoni, Mama Mbombo atasomewa, naye atajikumbuka kwenye kile kikombe hata kama jina si lake. Usipomwambia wewe, Dilala itamwambia. Kwa hiyo ukitoka shuleni leo, usipitie popote. Mkute amekaa, kaa karibu naye, chini kuliko yeye. Usianze na machozi, atadhani kuna aliyekufa. Anza na mkono wake: “Tata, pikapu haikuungua. Si wewe.” Sema hilo kwanza, acha limwingie. Kisha sema lako, bila “labda” na bila kuleta jina la Mama Mbombo. Yeye aliuza tu lutuku. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake na umemcheleweshea wiki saba. Anaweza asikusemeshe siku mbili. Pika, mwekee, usimbembeleze. Akitaka kwenda makaburini kurekebisha alichomwambia mama yako, mpeleke, na safari hii simama mbele.

Na wakwe? Mama Mwadi mpigie mwenyewe kabla ya Alhamisi. Kitambaa ni chake kukikata. Asije akakutana na habari mlangoni.

Kama sekunde kumi na moja zinatosha kuwa ni kuimba, hilo halipo mikononi mwako wala mwangu. Baba yako alisema kitambaa hakitoki kabla Henriette hajaimba. Yeye atasikiliza, yeye ataamua. Akisema hazitoshi, watu wa Fungurume watakula, watamwombea, watarudi na mkasi wao, na mfiwa ataendelea kuvaa kitambaa chake mpaka atakapotaka. Hakuna sheria inayovunjika.

Nimalize na mashine, kwa sababu itaendelea kuishi na nyinyi, na kuna nyumba nyingine za kampuni zenye pikapu kama hiyo. Santuri ya zamani isafishwe kwa kitambaa kikavu laini, ukizungusha kufuata mifereji, usikate kati. Ikiwa na uchafu mgumu, maji yaliyochemshwa na kupoa, tone moja la sabuni ya vyombo, karatasi ya katikati isilowe, na ukaushe hapo hapo. Hakuna alkoholi, hakuna petroli, hakuna lutuku. Kama mnayo ya kikombe kimoja nyumbani na lazima itumike, ifute gurudumu dogo la mpira linalosukuma sahani, hapo inafaa; gurudumu likipata mafuta huteleza na wimbo ukayumba. Mafuta ya cherehani, tone moja, yaingie kwenye mhimili wa sahani tu. Ukimaliza kusikiliza, rudisha kitufe cha mwendo katikati, la sivyo lile gurudumu litabonyea na utasikia dum, dum, dum kila mzunguko. Umeme wa bwawa la Nzilo upitie stabilizateri kila siku, hata ile siku unayoonekana mtulivu. Sindano ipanguswe kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele. Sasa ni kiangazi na vumbi la barabara ya malori litaingia hata mkifunga madirisha, basi kitambaa juu ya kifuniko. Na kile kidude cha sindano, fundi amekibandikia uzi mnene upande wa kijani, ili baba yako aujue kwa kidole bila kumuuliza mtu.

Mechack amekataa kuleta mashine mapema. Anasema ikifika nyumbani kabla ya maneno yako, itakuwa imesema uongo tena. Nimeona alivyoandika kwenye daftari lake la kazi: Jumapili 14 Juni, saa nne asubuhi, kwa Tata François. Santuri moja. Mara moja.